Mazutu au esanse? Tuulize kazi kwanza, farasi baadaye



Kuna swali ninaloulizwa karibu kila mkutano, iwe barabara ya Buta, iwe ng'ambo Lubunga, iwe kule Isangi: "Injenieri, motere ya mazutu na motere ya esanse, gani iko na nguvu?" Miaka ya mwanzo nilikuwa natazama kibandiko, nahesabu farasi, najibu. Leo sijibu tena hivyo. Nauliza kwanza: nguvu ya kufanya kazi gani, kwa mwendo gani, saa ngapi kwa siku? Wengine wanaona nakwepa. Sikwepi. Jibu langu la haraka liliwahi kuharibia koperative moja msimu mzima wa mpunga, na ndiyo sababu naandika ukurasa huu.

Kwa wenzetu wa upande wa mashariki wanaosoma gazeti hili: mazutu ndiyo dizeli, na esanse ndiyo mnayoiita petroli. Hapa kwetu ukisema petroli, muuzaji atakupa mafuta ya taa.

Farasi 13 walionidanganya

Koperative yenyewe sitaitaja. Wanachama wanalima mpunga wa nchi kavu, mihogo na mahindi kidogo. Umeme wa mtambo wa Tshopo hauwafikii. Walikuwa na mashini ya kukoboa mpunga iliyozungushwa na motere ya zamani ya mazutu, ile ya Kichina ya pistoni moja, iliyolala, yenye maji yanayochemka juu. Ilipochoka kabisa, mradi ukakubali kuwasaidia kununua nyingine.

Muuzaji alikuwa na mbili: ya mazutu farasi 12, na ya esanse farasi 13. Ya esanse bei yake ilikuwa chini sana. Tena ilikuwa nyepesi, mtu anaifunga nyuma ya toleka na kuondoka nayo. Nikaandika kwenye karatasi ya mradi: chukueni ya esanse, farasi wamezidi na pesa imepungua. Nikatia sahihi. Nilikuwa nimetoka IFA-Yangambi si miaka mingi, na nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba najua hesabu.

Mekanisie wa kijiji akaifunga siku ileile, kwa puli zilezile na mkanda uleule wa motere ya zamani. Wiki za kwanza mpunga ulikuwa mkavu, kazi ikaenda. Halafu mvua ikakaza. Mpunga ukaanza kuja na unyevu, mashini ikawa inajaa, motere inashuka, inakohoa, inazimika. Vijana wakafungua gesi mpaka mwisho na kuiacha hapo kutwa. Mama presida akanipigia simu: "Injenieri, motere yako iko inalia tu, haivuti." Nikamjibu wapunguze mpunga kwenye mdomo wa mashini. Mwezi wa pili vali ikaungua.

Ilikuwa katikati ya mavuno. Akina mama walikuwa wamekopa mbegu na walipaswa kulipa kwa mchele. Wakauza mpunga na maganda yake kwa wafanyabiashara waliokuja na bei yao mfukoni. Wengine walirudi kwenye kinu na mchi. Nilipofika, presida hakunigombeza. Alinionyesha tu magunia yaliyobaki na kuniambia: "Mwanangu, ile karatasi ulisaini wewe." Mpaka leo nalisikia neno hilo.

Kwa muda nililaumu motere, kisha muuzaji, kisha vijana. Halafu nikakaa na kalamu, nikagundua kosa. Ngoja nilieleze kwa utaratibu, maana ndilo kosa ambalo koperative nyingi bado zinalifanya, na sisi wa miradi tunazisaidia kulifanya.

Farasi ni vitu viwili vilivyozidishwa

Mtazame kijana wa toleka. Kwenye barabara tambarare, na abiria mmoja, miguu yake inazunguka haraka na kila msukumo ni mdogo. Akipanda mlima na gunia la mihogo, miguu inazunguka polepole lakini kila msukumo ni mkubwa. Jasho linaweza kuwa sawa. Kazi ya dakika moja ni msukumo mara idadi ya mizunguko.

Motere ni hivyohivyo. Kuna nguvu ya kuzungusha, yaani mkono wake una uzito gani ukisukuma mhimili. Kuna mwendo, yaani mhimili unazunguka mara ngapi kwa dakika. Ukizidisha kimoja kwa kingine unapata farasi. Kwa hiyo farasi 12 wanaweza kutoka kwenye mkono mzito unaozunguka polepole, au mkono mwepesi unaozunguka mbio.

Tuchukue namba. Motere ya Kichina ya mazutu ya aina ya S195, ambayo wengi mnaijua kwa sura, ina farasi 12 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukifanya hesabu, mkono wake hapo ni niutoni-mita 42. Motere ya esanse kama Honda GX390 ina karibu farasi 12 vilevile, lakini kwenye mizunguko 3,600. Hapo mkono wake ni niutoni-mita 23 hivi, na hata pale unapofika juu kabisa, kwenye mizunguko 2,500, haupiti 27.

Farasi ni walewale, lakini mkono mmoja karibu mara mbili ya mwingine. Namba inayotofautisha motere hizi mbili iko pembeni ya farasi, kwa maandishi madogo: mizunguko kwa dakika. Mimi sikuisoma.

Sasa rudini kwa mashini yetu. Puli zilipimwa kwa motere ya zamani iliyokuwa ikizunguka 2,000. Ili mashini ya kukoboa ipate mwendo wake, motere ya esanse nayo ilibidi izunguke 2,000, si 3,600. Motere ya ukubwa ule, kwenye 2,000, mkono wake ni kama niutoni-mita 26. Zidisha: inatoka farasi 7 na kidogo. Tulilipa farasi 13 na tukafunga 7. Waliobaki walikuwa kwenye mizunguko ambayo puli zetu hazikuiruhusu kufika.

Kuna kibaya zaidi. Motere ndogo ya esanse inapozwa na upepo wa feni iliyofungwa kwenye mhimili wake. Ikizunguka polepole, feni nayo inapuliza kidogo. Sisi tuliifungulia gesi yote, tukaibebesha mzigo wote, na tukaipunguzia upepo. Vali kuungua haikuwa bahati mbaya. Tuliipika wenyewe.

Mtu ataniuliza: si ungebadilisha puli tu? Ndiyo, hilo lingesaidia sana, nami nakubali. Tuseme mashini inataka mizunguko 800. Motere ya 2,000 inahitaji puli ya mashini iwe mara mbili na nusu ya puli ya motere: sentimita 16 kwa 40. Motere ya 3,600 inahitaji mara nne na nusu: sentimita 10 kwa 45. Inawezekana. Lakini puli ndogo inashikwa na mkanda kidogo, mkanda unateleza, unachomeka, na kila wiki mtu anatumwa Kisangani kutafuta mwingine. Na bado iko hesabu ya mafuta, nitaifikia.

Kwa nini kila moja ina tabia yake

Ndani ya motere ya esanse, mafuta na hewa vinachanganywa kwanza, vinabanwa kiasi, mara 8 hadi 10 hivi, kisha buji inapiga cheche. Huwezi kubana zaidi sana, la sivyo mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni. Moto wake unakimbia haraka, vyuma vyake ni vyepesi, kwa hiyo motere inapenda kuzunguka mbio na inabadilisha mwendo upesi. Ukitaka nguvu ndogo, inajifunga koo: inazuia hewa kuingia. Kuvuta pumzi kwa koo lililobanwa ni kazi, na kazi hiyo inalipwa kwa esanse yako.

Motere ya mazutu haina buji. Inabana hewa peke yake, mara 16 hadi 22, mpaka joto lake linapita digrii 500. Halafu pampu inasukuma mazutu kupitia injektere, na inawaka yenyewe kwa lile joto. Kwa kubana hivyo, vyuma vyake lazima viwe vinene na vizito. Vyuma vizito havipendi mbio, na mazutu yenyewe inahitaji muda wa kuchanganyika na kuwaka. Kwa hiyo nguvu yake iko chini, kwenye mizunguko michache. Haijifungi koo: mzigo ukizidi, regilatere inaongeza mazutu. Na lile gurudumu kubwa la chuma lililo ubavuni lina akiba ya mwendo, hivyo konzi ya mpunga wa unyevu ikipita, motere inanguruma kidogo na kuendelea.

Basi msiseme mazutu ina nguvu na esanse haina. Si kweli. Tazameni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo kila mtu hapa amezipanda. Ile ya mazutu ya lita 4.2 isiyo na turbo ina karibu farasi 130, na mkono wake unafika juu kabisa, niutoni-mita 285, kwenye mizunguko 2,200. Ile ya esanse ya lita 4.0 ina karibu farasi 230, na mkono wake wa 360 unafika kwenye mizunguko 3,800. Kwa namba tupu esanse imeshinda pande zote mbili. Lakini ili uwapate wale farasi 230 lazima uizungushe mpaka 5,200. Kwenye lami ndefu utawapata. Kwenye matope ya barabara ya Bafwasende na Nia-Nia, gari limebeba magunia, ukitafuta 5,200 utachimba kaburi la tairi zako. Pale dereva anataka motere isukume polepole, bila kukanyagwa sana na bila kubadilisha vitesi kila mita kumi. Ndiyo maana malori yanayotoka Ituri ni ya mazutu. Motere za lori kubwa za kisasa, kwa msaada wa turbo, zinatoa mkono wao wote kuanzia mizunguko 1,000 hadi 1,500 hivi, karibu pale motere ya pikipiki inapokuwa imesimama inasubiri abiria.

Na pikipiki yenyewe ni ya esanse, tena ni sawa kabisa. Pikipiki nyingi za 125 zinatoa farasi wao juu ya mizunguko 7,000. Mzigo ni mdogo, motere lazima iwe nyepesi, safari ni ya kusimama na kuondoka. Nani angetaka motere ya kilo 150 kati ya magoti yake?

Kazi inayotaka esanse

Nasisitiza hili kwa sababu baada ya balaa yangu niligeuka kuwa mhubiri wa mazutu, nikakosea upande wa pili. Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga wa pembeni ya mji waliomba pampu ya maji. Nikawaambia mazutu. Mzee mmoja wao, mwenye akili kuliko mimi, akauliza: "Na nani ataibeba kila jioni, tusiibiwe?"

Alikuwa na haki, na hesabu ilikuwa upande wake. Pampu ya kuzungusha maji ni kazi nyepesi kuianza: ikizunguka polepole haidai kitu, mzigo unakuja mwendo ukipanda. Inapenda mizunguko mingi, 3,600 au karibu, na inafungwa moja kwa moja kwenye mhimili bila mkanda. Mzigo wake hauruki ruki, maji ni maji. Kazi ni saa moja au mbili asubuhi na jioni, wakati wa jua tu. Hapo motere ya esanse ya kilo thelathini hivi, au ndogo zaidi, iko nyumbani kwake. Mama anaivuta kamba, inawaka, akimaliza anaibeba. Mazutu ingekuwa pesa iliyolala shambani.

Vivyo hivyo mashini ndogo ya kukwangua mihogo inayofanya kazi siku mbili kwa wiki, au pirogi ya kupeleka watu wachache na mizigo midogo: motere ya esanse ya nyuma ya mtumbwi inainuka, inabebwa, inakimbia. Lakini balenyeri inayoshuka hadi Yangambi, karibu kilomita 100, na magunia mpaka ukingoni, halafu ipande mto kurudi, hiyo ni kazi ya mkono mzito wa kutwa. Wenye balenyeri hawakusoma agronomia, lakini wengi wao wamefunga zile motere za mazutu za pistoni moja au mbili. Mto umewafundisha.

Bidoni ya jioni

Mkutanoni watu wanahesabu bei ya kununua. Bei ya kulisha wanaigundua baadaye. Motere ya mazutu ya aina niliyotaja, ikifanya kazi vizuri, inakula karibu gramu 250 kwa kila kilowati-saa. Ya esanse ya ukubwa huo, zaidi ya gramu 310. Na lita ya mazutu ni nzito kuliko lita ya esanse, kwa hiyo ukigeuza gramu kuwa lita, pengo linapanuka.

Chukua siku ya mavuno: kilowati 7 kwa saa 8. Mazutu inakula karibu lita 17. Esanse inakula karibu lita 24. Lita saba kila siku. Ukifanya kazi siku 60 kwa msimu, ni lita 420. Zidisha kwa bei ya siku ile mnayonunulia, halafu linganisha na tofauti ya bei ya motere mbili. Mara nyingi ile "nafuu" inaisha kabla ya msimu wa pili. Lakini kama motere yenu inafanya kazi saa mbili kwa wiki, pengo hilo ni lita mbili tatu tu, na nafuu inabaki nafuu. Hesabu ni ileile, jibu linageuka kwa sababu ya saa za kazi.

Mazutu nayo ina wivu

Nisiwafiche upande mbaya. Motere ya mazutu ni nzito, kuiwasha kwa manivela si mchezo, na ikirudisha mkono inaweza kukuvunja. Lazima mtu afundishwe, kijana au mama, namna ya kufungua upepo kwanza, kuizungusha, kisha kufunga. Inataka msingi wa saruji, si mbao mbili na msumari.

Ugonjwa wake mkubwa ni maji na uchafu. Pampu na injektere zimetengenezwa kwa vipimo vidogo sana. Tone la maji au punje ya mchanga inatosha. Na mazutu yetu inasafiri mtoni ndani ya mapipa na bidoni ambazo Mungu ndiye anajua zilibeba nini. Esanse chafu inaziba kabureta, unaifungua, unapuliza, unaendelea. Mazutu chafu inakula pampu, na pampu ni pesa. Basi acheni pipa litulie siku mbili bila kuguswa, chukueni ya juu, msifike chini, pitisheni kwenye chujio, na badilisheni filta kabla haijawaomba.

Tena motere ya mazutu haipendi uvivu. Ukiiacha inazunguka bure kutwa, au ukiifunga kwenye kazi ndogo mno, haipati joto la kutosha, inajaa masizi na kuanza kunywa oili. Kwa hiyo kununua kubwa "kwa usalama" si usalama.

Na jambo la mwisho: esanse inapatikana kila kona kwa kadafi, kwa chupa moja. Kuna vijiji ambako mazutu haifiki kwa wiki nzima. Motere bora isiyo na mafuta ni kiti cha chuma. Kabla ya kuchagua, ulizeni ni mafuta gani yanafika kwenu mwezi wa mvua, si mwezi wa jua.

Maoni yangu kwetu sote

Sisi wa mashirika tunapenda sherehe ya kukabidhi. Motere mpya, rangi inang'aa, kitambaa kimefungwa, picha inapigwa, ripoti inaondoka. Kwenye ripoti tunaandika "motere moja, farasi 13". Hatuandiki mizunguko, hatuandiki puli, hatuandiki itafanya saa ngapi kwa siku. Naomba kuanzia sasa karatasi yoyote ya mradi isiyo na mambo hayo matatu irudishwe, hata kama imesainiwa na mimi.

Na ninyi komite, msiipokee motere kwa sababu ni ya bure au kwa sababu kijiji jirani wana kama hiyo. Motere ya bure inayokufa katikati ya mavuno ni ghali kuliko ya mkopo inayomaliza msimu. Mnayo haki ya kusema: hii siyo. Hakuna shirika litakaloondoka kwa sababu mmeuliza swali.

Kwenye mkutano mkuu, kabla ya kupiga kura, andikeni ubaoni majibu ya maswali haya:

1. Kazi ni gani, na mzigo wake ni wa namna moja au unaruka ruka?
2. Mashini inataka mizunguko mingapi kwa dakika?
3. Motere inatoa farasi wake kwenye mizunguko mingapi, na ni farasi wa kutwa au wa saa moja? Kwenye motere nyingi za Kichina za mazutu mtaona namba mbili, ya saa 12 na ya saa 1. Someni ile ya saa 12.
4. Puli zitakuwa za kipimo gani, na nani atazitengeneza?
5. Itafanya kazi saa ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa mwaka?
6. Mafuta gani yanafika kwenu mwaka mzima, na nani kijijini anajua kuitengeneza?

Mkiwa na majibu hayo sita, hamna haja ya kuniuliza mazutu au esanse. Mtaona wenyewe.

Ile koperative bado ipo. Msimu uliofuata walichanga kidogo, mradi ukaongeza, wakanunua ya mazutu ya farasi 12, ile niliyoikataa. Imefungwa kwenye saruji. Kando ya mlango kuna daftari: saa ilizowaka, lita zilizoingia, oili ilibadilishwa lini. Anayeliandika ni binti wa presida. Ile ya esanse tuliitia vali mpya, na sasa inavuta maji ya bustani ya vitunguu na mchicha, kwenye mizunguko yake 3,600, haijasumbua tena. Haikuwa motere mbaya. Niliipa kazi isiyo yake.

Presida ameniomba niongeze neno moja kwa niaba yake. Anasema: mtaalamu akija na karatasi, mkaribisheni, mpeni chai, lakini mkanda na puli mpime wenyewe.